Waya Uliopita Chini ya Mama Mkwe

Siku hizi hakuna anayeingia dukani kwangu akaomba balbu kwanza. Anaegemea kaunta, anageuka kuona kama mke wangu Adelina yupo karibu, kisha ananong'ona: "Eti ni kweli ulimwasha moto mama mkwe?" Habari ilifika Mbinga kabla yangu, na kila aliyeipokea ameiongezea kuni. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naieleza yote hapa. Sikumwasha moto. Ulikuwa moshi tu, na nusu yake ulikuwa wa zulia.

Mbinga hadi Kigonsera

Kile kipanya changu, basi dogo jeupe, mnakifahamu, kile kilichokuwa kikiniletea bidhaa kutoka Songea. Kilipozeeka nilikigeuza nyumba: kitanda nyuma, benchi la watu wawili katikati, jiko dogo la gesi, mapazia aliyoshona Adelina, na friji ndogo ya betri. Mliocheka mlicheka, lakini nilikuwa na sababu.

Mama mkwe wangu, Mama Skolastika, anaishi Kigonsera na ana kisukari cha kuchoma sindano za insulini. Dada yake mkubwa, Mama Eufrasia, aliolewa Kihagara, ziwani, na walikuwa hawajaonana miaka mingi. Kila mara tulipopanga kumpeleka tuliishia palepale: joto la ziwani litaharibu dawa. Kisha ikaja simu kwamba macho ya Mama Eufrasia yanamwisha. Anaona vivuli tu. Kama kuna mtu anayetaka kuonwa naye, aende mwaka huu. Adelina alilia jikoni, nami nikaenda gereji.

Tatizo la friji ni kwamba ikinywa betri ya injini, asubuhi gari haliwaki. Kwa hiyo nilifunga betri ya pili nyuma, chini ya kitanda, nikavuta waya mwekundu mnene kutoka betri ya mbele, ili injini ikizunguka zishibe zote mbili. Karibu na betri ya mbele niliweka fyuzi, ili mambo yakiharibika ikatike yenyewe kabla waya haujaungua. Kwenye dashibodi nikaweka kitaa cha kijani: kikiwaka, betri ya nyuma inachajiwa.

Swali likabaki waya upite wapi. Ningeweza kuupandisha ukutani ukazunguka juu ya madirisha, lakini ungeonekana, na mimi nilitaka mama mkwe akiingia aone nyumba, asione matumbo ya redio. Nikaupitisha chini ya zulia, moja kwa moja, ukapita chini ya mguu wa benchi. Nikasimama mlangoni kuutafuta kwa macho, nisiuone, nikafurahi sana. Ninauza nyaya tangu ujana wangu na nilidhani hilo linatosha.

Barabara ya kwenda Kigonsera ilikuwa shwari, benchi likiwa tupu. Kitaa cha kijani kiliwaka njia nzima. Nilimwambia Adelina, "Unaona kazi ya mtu anayejua?" Alitazama nje, akasema mashamba ya watu yanapendeza.

Kigonsera hadi Mbinga

Lazima niwaeleze jambo moja wasiotoka kwetu. Nyumbani kwa kina Adelina wameshikilia heshima ya zamani kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe. Hatupeani mkono. Hatuli pamoja. Ukiacha shikamoo, ambayo huitoa nikiwa mbali nimeinamisha kichwa, tangu nioe sijawahi kumsemesha mama yule moja kwa moja. Kila neno hupitia kwa Adelina, hata tukiwa sote watatu tunasikiana. Kumtazama kwenye kioo nikiwa naendesha nako niliona si adabu, kwa hiyo kioo cha katikati nilikuwa nimekigeuza kikatazama paa. Ndiyo maana nilipokuwa narudi nyuma uwanjani kwake niligonga banda la kuku.

"Adelina," mama mkwe akasema kutoka mlangoni, "muulize mumeo kama amekuja kunichukua mimi au kuku."

"Baba Noela, Mama anauliza—"

"Mwambie Mama anisamehe."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia."

Alipakia gunia la maharage, kahawa ya dada yake, mkeka, na kipochi cha dawa ambacho Adelina alikiweka ndani ya friji kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha Mama Skolastika akaingia. Nalisema hili kwa heshima zote: mama mkwe wangu si mwembamba. Alishika pazia, akageuka, akakaa. Benchi likatoa sauti kama ya mtu anayemeza mate.

Kitaa cha kijani kikazimika.

Nilishuka, nikafungua boneti, nikakuta fyuzi imekatika. Nikaweka nyingine. Mama alikuwa ameshuka kuaga jirani, na kitaa kikawaka vizuri. Akarudi, akakaa, kikazimika. Nilibadilisha tena tulipofika Mbinga akaenda msalani, kikawaka. Aliporudi na kukaa, kikazimika. Hapo mtu yeyote angeelewa. Nami nilielewa. Mguu wa benchi ulikuwa unaubana waya wangu mpaka ganda limechanika, na kila alipokaa shaba ilikwaruza chuma cha bodi kwa sekunde moja, waya ukapiga shoti.

Lakini elewa wewe, halafu mwambie mama mkwe. Ningemtuma Adelina akaseme nini? Kwamba mkweo anasema ukikaa umeme unakatika? Mama angeweza kuhamia kiti cha mbele, lakini kiti cha mbele kiko kando yangu, na hilo halikuwezekana kabisa. Nilimwambia Adelina ni fyuzi mbovu.

"Umezitoa wapi?" akauliza.

Nilizitoa dukani kwangu. Nikawasha injini.

Kushuka Mbamba Bay

Kutoka Mbinga barabara inapita kwenye milima yetu, kona juu ya kona, mashamba ya ngoro, yale ya mashimo, yakining'inia pande zote, kisha mahali fulani ardhi inaacha kupanda na ziwa linatokea chini, pana, la buluu, bila kuomba ruhusa. Mama Skolastika aliacha rozari katikati ya fumbo. Alikuwa hajaliona tangu siku ya kumsindikiza dada yake kuolewa.

"Adelina, mwambie mumeo apunguze mwendo."

Nikapunguza bila kungoja niambiwe. Nikasikia anavuta pumzi ndefu. Kisha akasema kwamba joto limeanza na tuangalie dawa yake.

Joto lilikuwa limeanza kweli. Ukishuka kule ni kama mtu amekufungulia mlango wa tanuri. Betri ya nyuma, isiyochajiwa tangu Mbinga, ilikuwa inachoka, na friji ilianza kuguguma na kunyamaza, kuguguma na kunyamaza. Fyuzi zilikwisha kwenye kona za mwisho. Mtu mwenye duka zima la fyuzi, akakosa fyuzi! Ndiyo, cheka.

Mbamba Bay nilimpata fundi wa magari mmoja mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mama mkwe alikuwa ameketi kivulini kando ya gari, juu ya mkeka wake, nikaona hiyo ndiyo nafasi. Fundi akainua zulia, akatazama waya, akapiga mluzi.

"Bosi, hapa kuna uzito mkubwa sana unabana!" akatangaza, nadhani mpaka Malawi wakasikia. "Nani anakaa hapa?"

Adelina alinitazama. Mama mkwe hakugeuka, lakini rozari ilisimama.

"Maharage," nikasema.

"Maharage?"

"Gunia la maharage. Huwa tunaliweka hapo."

"Basi hayo ni maharage ya shule nzima! Lihamishe hilo gunia bosi, litakuchomea gari."

Kisha sauti ikatoka kwenye mkeka, taratibu kabisa.

"Adelina, mwambie mumeo kwamba gunia la maharage lina kiu."

Nilikwenda kununua soda mwenyewe, mbali, duka la mwisho, nikarudi polepole. Nilipofika, fundi alikuwa amemaliza. Alizungushia tepu pale palipochanika, akakunja kipande cha mpira chini ya mguu wa benchi, na kwa kuwa hakuwa na fyuzi ya saizi yangu, akasokota unyuzi wa shaba akauweka mahali pa fyuzi. Kitaa cha kijani kikawaka. Mama akakaa. Kikaendelea kuwaka.

"Umeona?" fundi akasema. "Haikatiki tena."

Na mimi nikashukuru. Mimi, ninayewaambia wateja kila siku kwamba fyuzi ni ya kukatika, na isiyokatika si fyuzi.

Tulikula pale kabla ya kuendelea: samaki mbasa wa kukaanga na ugali wa muhogo. Mimi nilikula nikiwa nyuma ya gari, wao mbele. Mama Skolastika, mtu wa mahindi maisha yake yote, alivuta tonge likamfuata, akavuta tena likaja lote.

"Adelina, huu ugali haujataka kuachana na sahani."

Mama muuzaji akacheka, akamfundisha kukata kwa kidole gumba. Alimaliza sahani, akaongeza. Nilisikia kijiko cha mchuzi kikikwangua bakuli nikajipa moyo kwamba pengine maharage yamesamehewa.

Kidogo kabla ya Liuli

Lami inaishia nyuma yako na unaanza vumbi, mchanga, madaraja ya mbao na mawe ya kukufanya useme ukweli. Gari lilirukaruka. Nyuma yangu benchi lilipanda na kushuka na kila kilichokuwa juu yake. Kile kipande cha mpira cha fundi nadhani kilitoka kwenye shimo la kwanza tu.

Tulifika kwenye kijiji kimoja, kabla ya Liuli, Adelina akashuka kuuliza njia. Kando ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga, na watu wengi ndani, akaingia humo. Mashine ilikuwa inanguruma mpaka vioo vya gari vinatetemeka. Nilibaki nimekaa kwenye usukani, nikitazama mbele, mama mkwe nyuma yangu akisali. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yangu kubaki naye peke yetu. Nikahesabu inzi kwenye kioo.

Ndipo nikasikia harufu. Kwanza nilidhani ni mashine. Kisha nikaona moshi mwembamba ukipita kando ya sikio langu. Nikageuka, adabu ikanitoka, nikatazama: moshi ulikuwa unapanda kutoka chini ya benchi, pande zote mbili za gauni la Mama Skolastika, naye amefumba macho, amefika salamu Maria sijui ya ngapi.

Nikazima injini haraka. Moshi ukaendelea. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba betri ziko mbili na waya una ncha mbili. Nililinda ncha ya mbele, tena kwa unyuzi wa shaba. Ya nyuma sikuweka kitu chochote, na betri ya nyuma ilikuwa inaukaanga waya bila kusumbuliwa.

"Adelina!" nikapiga kelele. Mashine ikanguruma. "ADELINA!" Nikapiga honi. Watu wakatoka mashineni wakanipungia mikono.

Mama akafumbua jicho moja. Lakini hakunitazama. Akatazama kiti kitupu cha mbele.

"Adelina, mwambie mumeo anisubiri nimalize fungu la rozari."

"Adelina hayupo, Mama!"

Maneno yakatoka. Tulishtuka wote wawili. Moshi ukapanda katikati yetu. Kisha, Mungu ni shahidi, akakiambia tena kile kiti kitupu:

"Adelina, muulize mumeo anamsemesha nani."

"Wewe, Mama! Nyanyuka! Waya unaungua chini yako!"

Hapo alinyanyuka. Kwa mwili ule na magoti yale sikutegemea. Nilizunguka nikafungua mlango wa pembeni, na tukakwama, maana ngazi ya kipanya iko juu na chini yake palikuwa na mtaro. Alihitaji mkono. Mkono ulikuwa wangu tu. Nikaunyoosha, akautazama, nikaurudisha. Watu wa mashine walikuwa wameshasogea na unga usoni, wanangoja kuona. Nikapapasa chini ya kiti, nikatoa mpini wa jeki, nikamnyooshea ncha moja. Akaishika. Nikashika nyingine, nikajikaza, na mama mkwe wangu akashuka kwenye gari kwa mpini wa jeki kama ng'ombe anayetolewa tope, heshima yetu ikiwa salama urefu wa chuma kile. Watu wakapiga makofi.

Kisha nikaruka ndani na spana, nikafungua kichwa cha hasi cha betri ya nyuma, moshi ukapungua. Nikafungua na cha mbele, moshi ukafa. Zulia lilikuwa na tundu la kupitisha chungwa. Friji ilikuwa kimya.

Adelina alitoka mashineni akikimbia, akapiga magoti karibu na friji kabla hajaniuliza chochote. "Dawa," alisema. "Jamani, dawa ya Mama, na joto hili." Nami nikafuta vidole vyeusi kwenye suruali. Nilimleta mama yake mpaka pale kwa waya niliouficha ili nisifiwe.

Mama Skolastika aliomba maji ya kunywa. Kisha akamwomba mwanamke mmoja pale chungu kikubwa, kingine kidogo, na mchanga. Akaketi kwenye mkeka, akaweka mchanga kwenye kile kikubwa, akaulowanisha, akakididimiza kile kidogo humo ndani, akaweka kipochi chake, akafunika kwa khanga mbichi. Alifanya yote bila haraka.

"Mama, umejifunza wapi?" Adelina akauliza.

"Hospitalini walituonyesha. Kigonsera friji ninaipata wapi? Dawa yangu inakaa hivi miaka yote."

Tulimtazama.

"Sasa mbona hukusema? Miaka yote tunaahirisha kwa ajili ya friji!"

"Ninyi ndio mlisema bila friji haiwezekani. Nikadhani hamtaki kunipeleka, mnatafuta sababu ya adabu. Nikanyamaza."

Adelina alikaa chini mchangani akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikujua. Mimi nilikwenda kutazama tairi la nyuma kwa muda mrefu.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa gari anatazama mle ndani. Akanyoosha kidole, si kwa Adelina.

"Waya huu kwa nini upite ninapokalia?"

"Nilitaka usionekane, Mama."

"Na huku juu ya dirisha kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi upitishe huko. Mimi nimeona nyaya. Sitashtuka."

Nilikuwa na waya mpya garini. Nilisahau fyuzi, sikusahau waya. Mwenye mashine alinipa fyuzi mbili kutoka kwenye trekta bovu, na kipande cha mpira wa maji. Nikauvisha waya mpira, nikaupandisha kutoka mbele, nikauzungusha juu ya madirisha, nikaushusha nyuma ya kitanda, fyuzi ncha hii na fyuzi ncha ile. Mama Skolastika alishika roli la waya akinilegezea. Nilipovuta kwa nguvu alisema, "Taratibu." Nilipoulegeza ukaning'inia alisema, "Kaza." Adelina aliketi kivulini na mikono mapajani, hana kazi, anatutazama kama mtu aliyefukuzwa ofisini.

Kihagara

Mama Eufrasia alitoka akipapasa ukuta wa nyumba yake.

"Nani hao wa gari?"

"Ni mimi. Skola."

Akasimama. Akakaza macho kuelekea ile sauti. Wajukuu na majirani wakasogea, na nilimwona Adelina ameuma ncha ya khanga.

"Sogea kwenye mwanga."

Mama mkwe akasogea.

"Sogea tena." Akasogea mpaka wakakaribia kugusana. Yule mzee akainamisha kichwa huku na huku kama kuku anayechungulia punje, kisha uso wake wote ukafunguka. "Ni wewe kweli! Mungu amekunenepesha mpaka nimekuona!"

Walishikana wakacheka hivyo, wakayumba, tukaogopa wataanguka. Kilio kilikuja baadaye, walipokwisha kuketi.

Tulikaa kule siku kadhaa. Hawakuacha kuzungumza, tena kwa pamoja, kila mmoja akijibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Dawa ilibaki kwenye chungu, ndani ya nyumba, mahali pa kivuli. Friji yangu, iliyosafirishwa kutoka milimani kwa mateso yote yale, haikuwa na kitu cha kupoza, kwa hiyo kijiji kikaleta soda na samaki, na gari likawa na foleni. Mama Eufrasia alilipapasa lote, benchi, pazia, akaweka shavu kwenye mlango wa friji akasema hapo angeweza kuzikwa. Mkono wake ulipofika juu ya dirisha ukakuta waya, akaufuata mpaka mwisho.

"Huu ni wa nini?"

"Tuliufunga sisi," mama mkwe akasema. Sisi!

Siku ya kurudi, Mama Skolastika alitangaza kwamba harudi nasi. Dada yake anahitaji macho, naye anayo; dawa ataifuata hospitalini Liuli. Adelina alibisha kidogo tu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuaga.

Nilikuwa kwenye usukani, injini inazunguka. Mama mkwe akaja mpaka dirishani kwangu, upande wangu, akasimama hapo hapo.

"Mvua zikikaribia uje unichukue. Nina mahindi ya kupanda."

Nikatazama kiti cha Adelina. Kilikuwa kitupu.

"Na Adelina akiwa na kazi zake," akasema, "mwache afanye kazi. Njoo mwenyewe."

"Nitakuja, Mama," nikamjibu.